Adui Asiyejisalimisha

"Amekufa, wacha kumkata," Roble alisema.

Wekulo hakuacha. Kwenye runinga, shujaa wake alizidi kulishindilia shoka jitu lililolala chali, na kila pigo lilitoa damu mpya. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa tisini na nane, na mafundi wa mtaa wa Kariobangi waligonga mabati nje hata ikabidi watu wapaze sauti.

Ndindi, mwenye kibanda hicho cha michezo ya video, ambaye wateja walimwita Mama Kasiva, alisimama mlangoni akila muhogo. Mashine ya kuchezea iliyounganishwa na runinga ilikuwa na wiki mbili tu. Ya zamani ilikuwa pembeni, imefunikwa leso: kompyuta ambayo marehemu mumewe, Kiema, aliibeba kutoka ofisi alimokuwa karani walipotaka kuitupa. Kwa miaka mitatu wateja walikuwa wamecheza humo mchezo wa mapanga na mazimwi. Adui akizidiwa, alitupa upanga na kupiga magoti. Maneno ya Kiingereza yalitokea, na Ndindi akawasomea kwa Kiswahili: "Amejisalimisha. Unamuua au unamwacha?" Uliyemwacha ungeweza kukutana naye mbele ya safari. Mara akuvizie na kisu, mara akugawie mkate.

Roble, muuza vitambaa wa soko la Gikomba, hakuwahi kuua aliyepiga magoti. Wekulo, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwaua wote.

"Hii mpya wameitoa hiyo ya kupiga magoti," Roble alisema. "Hakuna anayeomba msamaha. Wanakuja tu, wanakufa kama nzi."

"Ndio maana ni tamu."

"Tamu kwako. Hata ile ya zamani ulikuwa mchinjaji."

"Sema tena."

"Mchinjaji wa watu walioshindwa."

Roble alisema akicheka. Hakujua kwamba Alhamisi askari wa jiji walikuwa wamebomoa karakana ya Wekulo na kubeba mitambo yake. Wekulo aliiweka pedi ya kuchezea sakafuni taratibu, akainua stuli, akampiga nayo usoni.

Roble alianguka. Wekulo akamkalia kifuani na kumpiga ngumi, moja, nyingine. Jino lilitoka, likateleza hadi chini ya meza.

"Basi," Roble alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Umeshinda. Basi."

Ngumi iliyofuata ilimpata sikioni.

Wateja wengine walikuwa wamekimbilia nje. Ndindi alimvuta Wekulo kwa kola, akasukumwa ukutani. Akachukua nondo aliyofungia mlango, akampiga mkononi. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Wekulo akateremka kutoka kifuani mwa mwenzake, akapiga magoti, mkono ameukumbatia.

"Imetosha, Mama Kasiva," alisema.

Ndindi alimsikia vizuri. Alimpiga tena, begani. Akampiga mara ya tatu, mgongoni, na kitu ndani yake kilitaka ya nne.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Roble, kutoka sakafuni. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, jicho moja limefumba. "Mama Kasiva, amesema imetosha."

Nondo ilibaki hewani. Ilichukua muda kabla ya mkono wa Ndindi kukubali kuishusha.

Roble hakurudi tena. Dada yake, Ilwad, alikuja kuchukua viatu alivyoviacha, akasema sikio la kushoto halisikii. Ndindi alimfungia viatu kwenye gazeti.

Wiki ya nne Wekulo alisimama mlangoni, mkono wa kulia ndani ya plasta.

"Sijaja kwa ubaya," alisema. "Roble anakaa wapi?"

"Dada yake hakuniambia."

Alitazama runinga, akatazama plasta yake. Pedi ilihitaji mikono miwili, na majitu ya mchezo mpya hayakumngoja mtu.

"Ile ya zamani bado inafanya?"

Ndindi aliondoa leso. Kompyuta ilikoroma, ikawaka. Mchezo huo ulikuwa na subira: hakuna kilichosogea hadi mchezaji abonyeze. Alimsogezea kibodi upande wa kushoto, akavuta stuli nyingine, akakaa karibu kumsomea.

"Inauliza jina la shujaa wako," alisema.

Wekulo aliinua kidole kimoja cha kushoto. Kikazunguka juu ya herufi, kikasimama juu ya R, kikazunguka tena.