Majina ya Wazazi Thelathini

Majina thelathini tu! Ndiyo aliyodaiwa Sidonie kule ofisi ya serikali ya Kamukuzi: wazazi thelathini watie sahihi, ofisa aje kambi ya wakimbizi ya Nakivale awaone kwa macho, ndipo chama chake cha kusomesha watoto kiandikishwe. Kikiandikishwa, Mzee Kasim, mfanyabiashara wa Mbarara, atatoa mabati na madawati. Kisipoandikishwa, hatoi hata msumari.

Wiki nzima mwalimu huyu, mkimbizi wa Kivu kule Kongo, alizunguka na daftari, nyumba kwa nyumba. Thelathini? Jamani, walijiandikisha mia mbili! Wakaandikisha wajukuu, wakaandikisha hata mimba. Sidonie akalia kwa furaha. Maskini, hakujiuliza bibi kizee wa miaka sabini anatafuta nini kwenye orodha ya shule.

Siku ya ofisa watu walifika na nguo za Jumapili, mizigo kichwani. Ofisa akaanza kuhesabu vichwa. Musoni, jirani yake Sidonie, akamnong'oneza: "Mwalimu, tutaenda na bisi ao na ndege moja kwa moja?"

"Kwenda wapi?"

"Amerika. Si hii ndiyo liste?"

Kumbe walidhani ni orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa Amerika! Angenyamaza dakika kumi tu, chama kingekuwa chake. Lakini watu hawa walikuwa wamekwishadanganywa vya kutosha, naye hakutaka kuwa mwingine. Akapaza sauti: "Ndugu zangu, hakuna ndege. Ni masomo ya watoto, hapa hapa."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walibeba mizigo yao wakatawanyika, isipokuwa wazazi wanne.

Nyirabizimana naye alibaki nyuma, mama wa Nathalie, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye akili kama wembe. Sidonie akadhani amepata wa tano.

"Unifute mu daftari, mwalimu," akasema mama yule. "Benye liste ya Amerika bakiona mutoto wangu anasoma huku, batasema tumekubali kubaki."

"Mama Nathalie, mumekaa huku miaka kumi!"

"Njo maana. Zamu yetu iko karibu."

Sidonie akamfuta. Zikabaki sahihi za wale wanne.

"Madam, watu wanne si chama," ofisa akasema, akapanda pikipiki yake.

Huu ni mwaka wa tatu. Hakuna aliyeitwa kwenda Amerika. Nyirabizimana yuko palepale, bado anasubiri zamu. Nathalie wamemwoza mwezi uliopita.