Tenga la Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi Yunis alipanga kabichi kwenye tenga, karoti juu yake na mapeasi juu kabisa, akafunika kwa majani ya mgomba na kufunga kwa kamba ya katani. Lori la Mlalo lililishusha hadi stesheni ya Mombo, na treni ikalipeleka Mombasa kwa mumewe Nathanaeli, mpakiaji mizigo wa reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wiki iliyofuata tenga lilirudi na kipande cha papa mkavu ndani yake. Ndoa yao ilisafiri hivyo miaka kumi na mmoja, na Yunis hakuona ubaya wake.

Februari 1977 wakubwa wa Tanzania na Kenya walikosana, mpaka ukafungwa, kabichi zikaozea Mombo. Alhamisi moja ya mwezi wa nne, jua likizama, Nathanaeli alitokea kwenye njia ya mibuni na tenga tupu kichwani. Miguu yake haikuacha alama kwenye matope. Hapo Yunis akajua kwamba amefiwa. Akalia kwanza, kisha akamsogezea kigoda.

"Umekufaje, Baba Esta?"

"Magunia ya saruji yaliniangukia. Wenzangu wakanitia kwenye behewa niletwe nyumbani. Mpakani wakasema mimi nipite tu, mtu asiye na mwili haulizwi pasi. Mwili wakauzuia. Wanasema ni bidhaa."

Kabla hapajapambazuka aliondoka, maana hakutaka mwili wake ukae peke yake ugenini. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Alhamisi. Hakula, ila alipenda harufu ya ugali.

Majirani walichimba kaburi nyuma ya nyumba, kando ya lile la mama yake Nathanaeli. Yunis alitaka jambo moja tu, kumzika mumewe, apumzike na hizo safari za kupanda na kushuka milima.

Mzee Mika, balozi wa nyumba kumi, alikuja akakumbusha kwa upole kwamba Nathanaeli yuko kijijini siku moja kwa wiki na hajaonekana kwenye shamba la ujamaa. Yunis akamwambia ni marehemu. Mzee Mika akasema hilo analiona, lakini daftari halina mahali pa kuliandika. Alhamisi iliyofuata Nathanaeli alifika mapema, akapalilia mahindi hadi giza. Hakuna gugu lililong'oka, ila jina lake liliwekewa alama.

Mzee Mika naye aliandika barua wilayani kuomba mwili. Jibu lilikuja baada ya miaka miwili, likimtaka mjane awe na subira.

Mwaka 1983 mpaka ulifunguliwa. Sabuni ikapita, biskuti zikapita, hata kabichi zikapita. Yunis akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda mpakani. Karani kijana alimpa shikamoo, akafungua daftari kubwa. Nchi zimeshagawana mabehewa, meli na ndege za Jumuiya iliyovunjika, alisema, lakini marehemu alikuwa wa Jumuiya yenyewe, kwa hiyo yumo kwenye orodha ya mali ambayo haijagawanywa.

"Mmoja akimchukua, mwenzake atasema amepunjwa, mama."

Yunis akaomba angalau alione behewa. Lilikuwa kwenye reli ya pembeni, limeota nyasi magurudumuni, mlango umepigwa lakiri mbili, moja ya kila nchi. Nathanaeli alikuwa amekaa kivulini chini yake, tenga magotini. Yunis akaketi naye mpaka basi lilipopiga honi.

Alhamisi Nathanaeli akaja kama kawaida. Nywele zake zilikuwa nyeusi vilevile. Za Yunis zilikuwa na mvi tele.

"Kaburi bado liko wazi?" Nathanaeli aliuliza.

"Liko wazi, Baba Esta."

Alfajiri alijitwika tenga lake, akashuka. Mvua ilikuwa imenyesha. Yunis alichukua kopo, akaingia kaburini, akaanza kuchota maji.