Kahawa Isiyotemeka

Jumapili ile Yustus Kaijage alisimama mbele ya kanisa lake mwenyewe, kanisa la miti na udongo alilolikandika kwa mikono yake pale Kimuli, akasema maneno ambayo hakuyaamini hata kidogo.

"Mimi mtumwa wa Mungu," alisema, "naukana udugu wa damu niliochanjana na Melkiory Kashaija nilipokuwa gizani. Kahawa ile nimeitema."

Watu wakaitikia amina. Bibi mmoja akalia kwa furaha. Kemirembe, mkewe Yustus, alikuwa ameketi upande wa wanawake, na muda wote huo alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Kama kuna kitu kilichomtesa Yustus tangu abatizwe, ni kuuliza. Wenzake waliyapokea mafundisho kama mtu apokeavyo mbegu, wakayafukia, wakangoja mvua. Yeye alizipasua mbegu kwanza aone ndani mna nini. Aliuliza kwa nini Yesu alimwomba maji mwanamke Msamaria, ilhali sisi Walutheri wa Kimuli tukipita kwa Waroma, hawa Wakatoliki, tunasema hatuna kiu. Aliuliza kwa nini mwenye wake wawili amfukuze mmoja, na watoto wake, kwa jina la upendo. Wakubwa wake walimjibu kwamba maswali mengine ni ya shetani. Lakini kazi hawakumnyima, maana wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa kwa ajili ya vita vya Hitla, na mtu anayejua kusoma vizuri na kufundisha watoto hakuokotwa njiani. Basi akawa mwinjilisti, akala kiapo cha kazi, na maswali yake akayaweka mfukoni.

Melkiory alikuwa Mroma. Lakini kabla hajawa Mroma, na kabla Yustus hajawa Mlutheri, walikuwa vijana wawili wanaorudi kutoka Buganda walikokwenda kuchuma kahawa za watu. Homa ilimwangusha Yustus kabla hawajaufikia mto. Wenzao wa safari walimtazama, wakatazamana, wakaendelea na njia. Melkiory ndiye aliyembeba mgongoni mpaka Murongo, akamwombea nafasi kwenye mtumbwi, akavuka naye Kagera, akambeba tena upande huu kama mama abebavyo mtoto.

Walipofika nyumbani wakanywana, kama desturi ilivyotaka. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, punje ya kahawa ikapakwa damu yake, na kila mmoja akaila ile ya mwenzake kutoka kiganjani mwa mwenzake. Tangu siku hiyo nyumba ya huyu ni ya yule. Atakayeukana udugu huo, chakula chake kinageuka sumu kinywani mwa mwenziwe na mwa watoto wa mwenziwe, tumbo linavimba, mtu anakufa. Hivyo ndivyo ilivyojulikana Karagwe nzima, kwa waliobatizwa na wasiobatizwa. Waliobatizwa walisema hawaamini mambo hayo, ila sikusikia hata mmoja aliyejitolea kujaribu.

Kisha ukaja uamsho. Ulikuja na Mzee Rwezaura, mwangalizi wa makanisa kutoka Bukoba, mtu mpole asiyepandisha sauti, ambaye aliwalia watu machozi ya kweli. Huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Alimwita Yustus nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, huwezi kuwa na damu mbili tumboni. Ama ya Kristo, ama ya Kashaija."

"Mzee, mtu yule alinibeba wakati mimi na yeye hatujasikia habari za Msamaria mwema. Nitubu nini hapo?"

"Hutubu wema wake. Unatubu kiapo. Wote wenye mikago, viapo vya damu kama chako, wanatazama wewe utafanya nini." Rwezaura akamshika bega. "Ukishindwa, kanisa na shule nitampa mwingine. Nitafanya hivyo nikilia, lakini nitafanya."

Yustus alifikiri juu ya watoto wake, juu ya nyumba yake iliyojengwa kwenye ardhi ya kanisa, juu ya watoto wa kijiji waliokuwa ndiyo kwanza wanajua kuunganisha herufi. Akajiambia kwamba maneno ni maneno tu, Mungu anatazama moyo, na Melkiory ni mtu mzima, ataelewa. Ulimi hauna mfupa. Wake ukapinda, na Jumapili akasema yale aliyoyasema.

Habari zilivuka bonde hadi kwa Melkiory kabla watu hawajamaliza kupeana mikono mlangoni. Melkiory hakuja kugombana. Ilipoiva lubisi, pombe ya ndizi, hakikuja kile kibuyu kilichokuwa kikija siku zote, na Yustus, mwinjilisti aliyekatazwa pombe, alishangaa jinsi alivyokikosa. Walipokutana kisimani Melkiory alimwita "Mwalimu". Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwita "munywani wangu", yaani mwenzangu wa damu. Yustus alirudi nyumbani na ndoo nusu, asijue maji yalimwagikia wapi.

Masika yakaja na homa zake. Joviana, binti wa Melkiory, alikuwa na umri wa miaka saba, mtoto mwenye maneno mengi, aliyekuwa akivuka bonde kuja kulala kwa Kemirembe kila apendapo na kumwita Yustus baba mdogo. Tangu ile Jumapili hakuja tena. Mwishowe Placida, jirani wa akina Melkiory, alipita kwa Kemirembe akasema mtoto ana homa kali, jana alianza kuweweseka. Wanaume walikuwa wamembeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni, wakakuta bonde jingine, la mafunjo, kwenye njia ile limejaa maji na daraja la magogo limekwenda, wakarudi naye.

Yustus alikuwa na kwinini. Vidonge alipewa na nesi wa misheni kwa ajili ya nyumba yake, vimefungwa kwenye kitambaa. Alivichukua, akashuka bonde mbio, akapanda upande wa pili akihema.

Eugenia, mama wa mtoto, alitoka akasimama katikati ya mlango. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shemeji," Yustus alisema, "nimeleta dawa ya Joviana."

"Asante, shemeji. Rudi nayo."

"Ni kwinini. Ni ya hospitali."

"Najua kwinini. Sina ugomvi na dawa." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Ila imetoka mkononi mwako, na wewe ulikana udugu wetu mbele ya Mungu na watu. Nikimpa mwanangu kitu kilichotoka kwako akavimba, nitasema nini? Nitasema sikujua?"

"Eugenia, wewe ni Mkristo. Unavaa rozari."

"Na wewe ni mwinjilisti. Kama kiapo ni kitu bure, ulikuwa unakitema cha nini?"

Yustus alisikia kutoka ndani mtoto akiongea na mtu asiyekuwepo, akimwambia asimwage maji. Melkiory akatoka, akamshika mkono, wakasogea hadi chini ya migomba ambako maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani.

"Siku ile kanisani," Melkiory aliuliza, "ulitema kweli?"

"Sikutema."

"Kwa hiyo ulimdanganya Mungu wako."

"Nilimdanganya."

Melkiory alikuwa amekonda. "Mimi ningempa mtoto hata sasa hivi," alisema. "Lakini nikimpa kwa nguvu, na Mungu apishe mbali mtoto akafa, mama yake ataamini mpaka kaburini kwamba nilimuua mimi. Maneno uliyasema mbele ya watu. Yarudishe mbele ya watu, na mtu wa kwetu asikie. Ndipo Eugenia atafungua mlango."

Yustus alirudi kwake na kitambaa chake cha dawa. Kemirembe alikuwa anamngoja uani. Alipomaliza kusikia, alinyoosha mkono.

"Nipe mimi. Nitampa Placida. Ni Mroma mwenzao, atasema zimetoka parokiani, mtoto atameza leo hii. Hayo mengine utayarudisha Jumapili kwa nafasi yako."

"Huo ni uongo, Kemirembe."

"Ndiyo, ni uongo."

"Nimesema uongo mmoja na ndio uliotufikisha hapa. Sitamponya mtoto wa watu kwa uongo wa pili."

"Mtoto hatauliza amepona kwa nini," Kemirembe alisema. Mkono wake ulibaki umenyooshwa. Yustus aliutazama mkono ule, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi akajiona ni mtu safi, mtu anayejua njia. Akaupita, akaenda kanisani, akaanza kupiga ngoma.

Ilikuwa siku ya kazi. Ngoma ya kanisa siku ya kazi ni ya msiba au ya moto. Watu walikuja wakitoka mashambani na majembe yao, wengine mbali, na wazee wa kanisa walimkataza asiseme kitu mpaka Mzee Rwezaura aitwe, naye alikuwa Isingiro kwenye mkutano. Yustus alikubali kungoja. Alitaka jambo lifanyike sawasawa, mbele ya yule yule aliyemtaka akane. Alisimama kwenye mvua asiihisi, akimwomba Mungu amshikilie mtoto kidogo tu. Placida alikuwepo, maana ndiye aliyetumwa na Eugenia awe shahidi, na kila mara alikuwa akigeuka kutazama ng'ambo ya bonde. Rwezaura alipofika, nguo zimelowa mpaka kifuani, jua lilikuwa limekwisha kupita utosini.

"Jumapili ile nilisema uongo," Yustus alisema mbele yao wote. "Melkiory Kashaija ni ndugu yangu wa damu. Kahawa yake iko tumboni mwangu na sijaitema. Kama Kristo hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyenibeba, basi mimi sijui ni Kristo yupi mliyenihubiria. Nadhani anaweza. Nadhani alikuwepo mtoni kabla yetu."

Hakuna aliyeitikia amina. Rwezaura alifuta uso, na kama alivyoahidi, alikuwa analia. Akanyoosha mkono. Yustus alimkabidhi vijiti vya ngoma, akatoka. Hakusikia uchungu wowote wakati ule. Alikuwa anafikiri juu ya bonde na utelezi wake.

Eugenia alikuwa mlangoni. Placida, aliyetangulia mbio, alikwisha kumwambia. Eugenia akasogea pembeni. Yustus alisaga kidonge kwenye kijiko, akakichanganya na maji ya ndizi, akapiga magoti kando ya kitanda. Joviana alikuwa ameacha kuongea. Meno yalikuwa yamefungana. Melkiory aliyatenganisha kwa mpini wa kijiko, mama akamshika kichwa, na ile dawa ikaingia kidogo, nyingine ikarudi ikachuruzika shavuni. Wakajaribu tena. Mwili ukakakamaa, ukatetemeka, ukalegea, ukakakamaa tena. Yustus alikuwa akisema, "Meza, mama, meza, ni baba mdogo," na aliendelea kusema hivyo hata baada ya Melkiory kumwondolea kijiko mkononi. Ng'ombe walikuwa bado hawajarudi kutoka malishoni.

Walimzika kesho yake kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Katekista wa Waroma alisoma sala zake. Walutheri wawili watatu walikuja wakasimama mbali, na Kemirembe akaenda moja kwa moja akaketi na wanawake wa msiba. Yustus alichimba. Hakuna aliyemwambia achimbe wala aliyemzuia. Ndani yake maswali yalikuwa yamerudi yote kwa pamoja, na hakuyataka. Alidanganya pale ambapo ukweli ungemgharimu yeye, akaja kushika ukweli pale ambapo ulimgharimu mtoto, na mara zote mbili alidhani anamtumikia Mungu. Angempata nani wa kumuuliza? Alichimba mpaka wenzake wakamwambia shimo limetosha.

Watu walipotawanyika Melkiory alileta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake ikaanikwa, ambayo mgeni wa nyumba hii hakuondoka bila kuonja. Akaweka punje chache kiganjani mwake, akamnyooshea.

"Chukua, munywani wangu," alisema.

Yustus alichukua akatia kinywani. Alitaka kusema samahani, na neno lenyewe likaonekana dogo hata kulitamka ni aibu. Eugenia alikuwa ameketi chini ukutani, kanga begani, mikono mitupu mapajani. Alizungumza bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la shambani.

"Shemeji, kwa nini hukuituma kwa mkono wa mtu mwingine?"

Yustus aliacha kutafuna.

"Jana nilipokufukuza mlangoni," Eugenia alisema, "nilikaa hapa hapa nikitazama njia. Nilijua Kemirembe ana akili. Nikasema, atamtuma Placida, atasema zimetoka parokiani, na mimi sitauliza kitu. Nilikuwa nangoja mtu aje anidanganye."

Kemirembe, aliyekuwa akikusanya vyombo uani, aliinua kichwa, akamtazama mumewe, akainama tena. Yustus alibaki amesimama na kahawa kinywani. Hakuweza kuimeza, na mbele ya watu wale hakuweza kuitema.