Amri ya Kukata Mkia

Programu mpya ya benki ya damu ya hospitali ilikuwa na asubuhi moja tu kazini, na fundi wa kompyuta aliyeiandika alikuwa akitembea kifua mbele utadhani kaivumbua damu yenyewe. Kila faili la mgonjwa lilikuwa na namba yake, kama 74A, kisha mkia: -DAMU. Programu ilitakiwa kuukata mkia huo, ibaki namba ya kubandikwa kwenye mfuko wa damu. Kazi ndogo. Aliiandika huku akipiga soga, wala hakuijaribu.

Mchana akaona mgonjwa mmoja amepungua. 74A na 74U, wote walikuwa wamegeuka 74. Jasho jembamba likamtoka. Amri aliyoitumia haikujua mkia ni nini. Ilitafuna kila kistari, D, A, M au U iliyoikuta mwishoni, mpaka ikagonga tarakimu. Faili moja lilikuwa limelifuta jingine, kundi la damu na yote.

Na 74A alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu ananyonya.

Akafungua faili lililosalia. Lilikuwa la shangazi. Akashusha pumzi, akacheka peke yake. Kisha akakikatiza kicheko: basi 74U, binti aliyejifungua kwa kupasuliwa asubuhi ile, ndiye atakayetundikiwa damu ya kundi la shangazi.

Alipiga simu wodini, ikaita weee, haikupokelewa. Akatoka mbio.

"Dada, usifungue! Usifungue hiyo damu!"

Muuguzi alikuwa ameshatundika mfuko, mkono uko kwenye mpira wa kupitishia damu. "We wa kompyuta, unapiga kelele wodini?"

"Nakuomba, dada yangu. Si yake. Itamuua."

Muuguzi akamtazama, akautazama mfuko, kisha akautungua.

Mama wa binti alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Aliinuka, akamshika fundi mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Umeniokolea mtoto."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua bado.

"Usinishukuru, mama. Programu iliyokosea niliiandika mimi."

Yule mama hakumtukana. Aliiachia tu mikono yake, akakivuta kiti chake, akakiweka katikati ya fundi na kitanda cha binti yake, akaketi.