Ukuta Ndani ya Fremu ya Saba

Studio ya Bosi Lai, mjini Chiayi, ilikuwa na sanduku lenye fremu za miwani arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na kioo. Shule ilipoleta darasa la sita kupigwa picha za albamu ya kuhitimu, watoto walivua miwani yao, wakachagua fremu inayofanana nayo, wakatabasamu. Hivyo taa hazikung'aa kwenye macho yao, na kazi ya kusafisha picha ilipungua nusu.

Kusafisha picha ilikuwa kazi ya Kang Hsiu-man. Alikuwa na miaka kumi na mitatu kwenye kiti kile na hakuna mng'ao uliowahi kumshinda. Aliwahi kuwatoa wapita njia sita kwenye kioo cha duka la keki, na bibi harusi aliyekuwa ndani akabaki bila doa.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu alifungua picha ya mtoto wake mwenyewe, Tsai-wei. Ndani ya fremu, upande wa kulia na wa kushoto, aliona kitu bapa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, chenye ufa katikati. Akabonyeza chombo cha kuondoa uakisi. Programu ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba haikuona kioo chochote.

"Bosi, fremu ya saba ina kioo?"

Lai akaitoa sandukuni, akapenyeza kidole gumba kikatokea upande wa pili. "Haina. Umefungua picha iliyobanwa, wewe. Chombo hicho hakigusi picha iliyobanwa, kinataka picha ghafi, kama ilivyotoka kamerani."

"Ni ghafi. Nimeitoa kwenye kadi kwa mkono wangu."

"Basi zima, washa."

Alizima, akawasha. Akaipakua programu upya, akaifungua picha kwenye kompyuta ya Lai. Uakisi ulikuwepo, ila ufa ulikuwa umesogea kushoto kidogo, kama mtu amegeuza shingo.

Saa sita na dakika arobaini uakisi ukawa mweusi tii. Lai alikuwa anakula wali wake wa bata mzinga. Akatupa jicho kwenye skrini.

"Saa ya kulala hiyo," alisema. "Shuleni sasa wamelaza vichwa mezani."

"Basi ni macho yake."

"Yake. Subiri kengele."

Saa saba na dakika ishirini ukuta ulirudi.

Chombo kile kina kitelezi. Ukikivuta kulia, uakisi unatoka. Ukikivuta kushoto, mtu ndiye anayetoka, na uakisi unabaki peke yake. Hakuna anayekivuta kushoto, kwa sababu hakuna mteja anayetaka hilo. Hsiu-man alikivuta kushoto mpaka mwisho. Tsai-wei akafutika, na ukuta ukajaa skrini nzima: ufa, msumari usio na kitu, na chini ukingo wa meza na kibweta cha penseli alichomnunulia yeye mwenyewe. Hapakuwa na ubao. Hapakuwa na mgongo wa mtoto mwingine.

Alichapa ukuta ule kwenye karatasi, akapanda pikipiki yake, akaenda shuleni.

Mwalimu Pai alimpokea kwa chai. Aliitazama karatasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Huu ni ukuta wetu wa nyuma. Umetoka vizuri, Mama Tsai-wei. Hata msumari unaonekana."

"Mwanangu anautazama tangu lini?"

"Tangu tumempa kiti maalumu. Anauliza maswali mno, wenzake wanachelewa. Pale ametulia kabisa." Akafungua daftari la mawasiliano, lile ambalo mtoto huleta nyumbani kila siku mzazi aweke muhuri wake badala ya sahihi. "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tisa. Tulikuomba ridhaa, ukaturidhia."

Muhuri ulikuwa mwekundu, umenyooka, haukutoka hata kwenye mstari. Hsiu-man aliutambua. Mama anayegonga muhuri huku jicho lake liko kwenye kazi nyingine hugonga vizuri kuliko anayesoma.

"Sasa nimesoma," alisema. "Mrudishe katikati."

"Katikati tumeweka kabati la vitabu. Na imebaki miezi mitatu tu." Mwalimu Pai aliikunja karatasi taratibu. "Lakini umetusaidia. Ufa ule ni aibu. Nitamwambia mkuu wa shule."

Jioni, Tsai-wei alikuwa anamenya mapera jikoni.

"Mbona hukuniambia?" Hsiu-man alimuuliza.

"Nilikuletea daftari, mama."

"Na mdomo huna?"

"Nilikuambia na mdomo. Ulikuwa unamtoa mtu kwenye dirisha. Ukasema, subiri nimmalize huyu." Akampa kipande cha pera. "Ukuta si mbaya. Siku za mvua unatoka jasho."

Hsiu-man alirudi kwa Mwalimu Pai mara nne. Mara ya kwanza alipewa chai. Mara ya pili alipewa chai na fomu. Mara ya tatu mkuu wa shule mwenyewe alimwonyesha kabati la vitabu, jinsi lilivyo zito. Mara ya nne fundi alikuwa juu ya ngazi, na ukuta wa nyuma ulikuwa kijani kibichi, bila ufa, bila msumari. Meza ya Tsai-wei ilikuwa imefunikwa gazeti isichafuke, nayo ilikuwa palepale.

Kwenye skrini, uakisi ukawa wa kijani. Lai aliuliza kama waipeleke picha kuchapwa hivyo hivyo au wajaribu tena kuutoa.

"Acha ubaki," Hsiu-man alisema. "Safari hii najua ninachokigongea muhuri."

Albamu zilitoka mwezi wa sita. Wazazi walisema ile rangi ya kijani inampendeza Tsai-wei, na wawili waliuliza kwa nini watoto wao hawakuwekewa.

Mwezi wa kumi darasa la sita jipya lilikuja studio. Picha ya ishirini na tatu ilikuwa ya mvulana anayeitwa Chien Po-yan. Alivaa fremu ya saba, na ndani yake mlikuwa na ukuta wa kijani. Hsiu-man hakugusa kitelezi. Alitafuta namba ya mama wa mvulana, akampigia.

Mama yule alikuwa kazini, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Ni kuhusu mwanao," Hsiu-man alisema. "Njoo uitazame picha yake. Leo, tafadhali, na mimi nitakuwa hapa mpaka ufike."

"Kafumba macho?"

"Hapana, hajafumba."

"Katabasamu?"

"Ndiyo, lakini nisikilize, mama—"

"Basi safi, dada. Nakuamini," yule mama alisema, akakata simu.