Trei ya Mheshimiwa

Mbunge wetu wa jimbo, Lorraine Pascoe, aliniambia mwenyewe kwamba katika miaka kumi na sita bungeni hakuwahi kuwa waziri hata siku moja. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayekutajia namba yake ya kiatu. Mimi namkumbuka kwa sababu ya chakula cha mama yangu, na ninamwomba Mungu anisaidie kuisimulia habari hii jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa Agosti 2021. Sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa majumbani kwa ajili ya korona kuliko wengine. Nyumbani kwetu Mount Druitt tulikuwa wanne: mimi, mume wangu Callixte, binti yetu Vanessa wa miaka kumi na sita, na mama yangu, Mama Nabintu, mwenye miaka themanini na moja. Callixte alikuwa na kibali cha kwenda ghalani, na mimi nilikuwa na kibali cha kwenda kuwahudumia wazee. Mama hakuhitaji kibali cha lolote, mpaka asubuhi alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilimchukua. Mimi niliishia mlangoni, kwa sababu hospitali haikupokea wageni.

Upasuaji ulikwenda vizuri, Mungu ashukuriwe. Lakini siku ya tatu nesi alinipigia simu: mama yako anakataa kula. Siku ya nne alipiga tena. Mama alikuwa akipokea chai aliyopewa mkononi, basi. Daktari alishaanza kuzungumzia mpira wa kumpitishia chakula puani. Alisema mwili wa umri ule, bila chakula, hauungi mfupa.

Nilimpigia Mama.

"Mama, umekula?"

"Mungu iko muzuri, mwanangu."

"Nakuuliza kama umekula."

"Na wewe ulikula? Callixte alikula? Basi."

Hakuna mwanamke wa Bukavu wa umri wake atakayemwambia mtoto wake kwamba ana njaa. Nilidhani amekata tamaa, anataka kufa mbali na sisi. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake kilichokuwa kitupu, nikamwomba Mungu anionyeshe mlango mmoja tu.

Nilipoinuka nikakumbuka darasa letu la Kiingereza la jioni, ambalo siku zile tulilisomea kwenye simu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba katika nchi hii mtu yeyote anaweza kumwandikia mbunge wake. Nikachukua karatasi.

Kwetu, humwendei mkubwa ukamwangushia shida mlangoni. Unamsalimu. Unawaulizia watu wa nyumbani kwake. Unamshukuru kwa wema alioutenda, umwonyeshe kwamba hukumjia kwa tumbo lako peke yake. Kisha, mkishatulia, ndipo unasema. Basi ukurasa wa kwanza nilimsalimu mheshimiwa na kumshukuru Mungu kwa uhai wake. Ukurasa wa pili nilimshukuru kwa lifti ya stesheni, maana kabla ya lifti ile Mama alikuwa akipanda ngazi kwa kupumzika mara tatu. Ukurasa wa tatu niliomba radhi kwa kumsumbua wakati wa korona. Ukurasa wa nne, chini kabisa, nikaandika kwamba mama yangu yuko hospitalini na hali chakula, na kwamba naomba niruhusiwe kukaa naye saa ya kula, hata mara moja.

Jumatano Callixte aliipitisha barua kwenye sanduku la ofisi ya mbunge alipokuwa anaenda kazini. Alhamisi jibu likaingia kwenye simu yangu: picha ya maua ya njano na maneno, "Asante sana kwa shukrani zako. Zimetutia moyo."

Nilimwonyesha Vanessa. Aliisoma barua yangu kwenye picha niliyoipiga, akajibu kwa Kiingereza chake cha shule.

"Mama, umeshukuru kurasa tatu na nusu. Wangejuaje kwamba unaomba?"

"Hawakufika mwisho?"

"Mama. Hakuna anayefika mwisho."

Usiku ule sikuwa na maneno ya kuomba. Nilisema tu jina la Mama mbele za Mungu, nikalala.

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika kadhaa jioni, simu ikalia.

"Faida? Hapa ni Lorraine Pascoe. Samahani sana. Nimefika ukurasa wa nne."

Nilisimama wima. Mtu hazungumzi na mheshimiwa huku amekaa.

Alinieleza kwamba wiki ile ofisi yake ilipokea simu zaidi ya mia tatu, nyingi za matusi, kwa sababu watu walikuwa wamechoka kufungiwa. Barua za shukrani karani wake aliziweka kwenye faili la peke yake, na yeye alilifungua Ijumaa jioni na kikombe cha chai, ili aende nyumbani akiwa bado anawapenda watu.

"Wiki hii zilikuwa mbili," alisema. "Mmoja amenishukuru kwamba sitagombea tena. Nyingine ni yako."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Nikacheka.

"Sasa niambie," akaendelea. "Trei inarudi imejaa, au imeguswaguswa?"

"Imejaa. Nesi anasema hata kifuniko hafunui."

"Hafunui kabisa?"

"Kabisa."

"Faida, kabla ya siasa nilibeba trei za chakula katika hospitali hiyohiyo miaka kumi na moja. Asiyekipenda chakula hufunua akakunja pua. Aliyekata tamaa hukisukuma mbali. Lakini asiyefunua kabisa, mara nyingi anadhani si chake."

Hapo nikakaa. Nilijiona mjinga na nikaona mlango wangu, vyote kwa pamoja.

Bukavu, hospitali haimpi mgonjwa chakula. Ndugu ndiye anayepika, anayebeba sufuria, anayelala chini ya kitanda na kumlisha mgonjwa wake; tunamwita gardimalade. Mgonjwa asiye na gardimalade hali, na chakula kinachopita karibu yake ni cha mgonjwa mwingine mwenye watu. Mama alikuwa hajawahi kulazwa Australia. Nami, ninayewapelekea wazee wa watu wengine trei zao kila siku, sikuwahi kumweleza.

Nilimweleza Bi Lorraine. Akasema, "Nipe muda kidogo."

Alipiga tena baada ya nusu saa. Hospitali ilikataa mgeni kwa majuma mawili zaidi. Alikuwa amebishana nao na ameshindwa, na hakunificha hilo. Lakini mkuu wa wodi alikubali nesi amshikie Mama simu kila saa ya kula.

"Kuna jambo moja," nikamwambia. "Mama atauliza nani aliyempikia. Kama si sisi, hatakula mpaka ajue. Na mimi siwezi kumdanganya mama yangu, mheshimiwa. Ninasali."

"Usimdanganye. Hospitali ile ni ya serikali ya jimbo. Kila mwaka bajeti yake huletwa bungeni, na mimi huinua mkono. Mwaka mmoja niliuinua nikiwa na homa ya mapafu. Mwambie chakula kile nimemtumia mimi. Ni kweli kabisa, na ni kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kufanya, lakini niifanye."

Kesho yake asubuhi, saa moja na nusu, simu ilishikwa mbele ya uso wa Mama. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, mbele yako kuna nini?"

"Ile kitu ya plastiki? Iko ya nesi. Anaiacha hapa anaenda. Ninamuchungia mpaka anarudi kuichukua."

"Siku zote hizi umekuwa unamchungia?"

"Sasa nifanye nini? Wezi wako kila mahali."

"Mama, ni chakula chako. Mheshimiwa amekutumia."

"Mheshimiwa gani?"

"Mbunge. Yule mama wa lifti ya stesheni."

Mama aliitazama trei, kisha akanitazama. "Ananijua?"

"Kwa jina."

"Faida. Mtu mukubwa anatuma chakula juma nzima, na mimi ninakiacha kinapoa? Atasema nimelelewa wapi?" Akajaribu kujiinua. "Omba, haraka. Fupi."

Niliomba, fupi. Nilikuwa bado sijasema amina niliposikia kifuniko kikifunuliwa.

Alikula asubuhi ile, na mchana, na jioni. Uji wao aliuona mwepesi, viazi vyao aliviona havina chumvi, lakini alimaliza kila kitu kwa heshima ya aliyetuma. Hakuna mpira uliopita puani. Majuma mawili yalipokwisha niliruhusiwa kuingia, nimevaa barakoa na miwani ya plastiki, na kwa mikono yangu nikamlisha machungwa. Alirudi nyumbani mwezi wa kumi, juma lile mji ulipofunguliwa, akitembelea kifaa cha magurudumu.

Vanessa ndiye aliyefungua mfuko wake. Ndani, imeviringishwa kwenye kitenge, kulikuwa na trei ya kijivu na kifuniko chake.

"Koko," akamwambia bibi yake, "umeiba trei ya hospitali."

"Nani ameiba? Chombo iko ya mheshimiwa. Nitamurudishia mwenyewe."

Nilijaribu kumweleza. Callixte alijaribu kumweleza, kwa Kifaransa na kwa Mashi, lugha ya kwetu. Mama alituambia kwamba alipokuwa msichana alirudisha bakuli la jirani likiwa tupu, na mama yake akamrudisha njiani na maharage ya kutia humo huku watu wanaona, na kwamba hana nia ya kuona aibu ile tena akiwa na miaka themanini na moja.

Basi siku moja ya Novemba tulikwenda ofisini kwa mbunge, karibu na stesheni, tukashuka kwa lifti ile. Juu ya trei kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ugali, samaki, na mandazi pembeni. Bi Lorraine alitoka mwenyewe kutupokea. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, amevaa viatu vya mtu anayesimama sana. Alipoiona trei aliweka mkono kifuani.

"Hii ni mali ya serikali," alisema, nami nikatafsiri.

"Si ndiyo ninairudisha kwa serikali?" Mama akajibu.

Walikaa wakila kwenye meza ya karani, nami nikitafsiri; Mama alimsimulia kwanza habari ya bakuli tupu la jirani, kisha akamhoji kama anavyomhoji mchumba. Ndivyo nilivyoyajua maisha yake. Baba yake aliendesha gari la maziwa. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, akarudi kusoma jioni akiwa na thelathini na mbili. Aligombea mara mbili akaanguka, mara ya tatu akapita kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Lifti ya stesheni ilimchukua miaka tisa.

"Miaka kumi na sita na hawakukupa uwaziri?" Mama aliuliza. "Walikuona kweli?"

"Nadhani nilikaa nyuma sana."

"Nitaomba Mungu awasamehe," Mama akasema, na nilijua kwamba ataomba kweli.

Walipomaliza kula, karani alinyoosha mkono aichukue trei airudishe hospitalini siku yoyote atakayopata nafasi. Bi Lorraine alikataa. Aliiosha mwenyewe kwenye sinki dogo la nyuma, akaifuta, akasema ataipeleka yeye jioni ile kwa mlango wa jikoni, mlango alioingilia miaka kumi na moja, na kwamba huenda bado wako wanaomkumbuka.

Alikuwa ameshaiweka kwapani Mama alipogonga meza kwa kidole.

"Mwambie," aliniambia, "haiendi hivyo."

Bi Lorraine hakusubiri nitafsiri. Aliirudisha mezani, akachukua mandazi sita yaliyobaki, akayapanga juu yake moja moja, akafunika.