Umri wa Lovina Tarbell

Saa nne asubuhi, Machi 1889, Asahel, mpiga kengele wa kanisa la kijiji kimoja cha Vermont, alifika kitandani kwa Lovina Tarbell, mwandishi wa hadithi za kijiji hicho. Daktari alikwisha kukata tamaa. Mtu akifa, kengele ilipigwa mara moja kwa kila mwaka wa umri wake, na umri wa Lovina ulikuwa siri.

“Dada, nikikosea hesabu, watanicheka mpaka nife.”

“Wanizika na chai sijamaliza?” Lovina akacheka. “Haya, piga sabini na moja. Miaka arobaini nimeandika umbea wao. Na wao waupate wangu.”

Alifariki Alhamisi. Asahel alipiga sabini na moja, akaiachia kamba.